Pongwe, Kange, Ngamiani au Raskazoni? Ukihamia Tanga na mtoto mwenye pumu anza na upepo

Mdogo wangu kapata kazi kiwandani huko Pongwe, anahamia Tanga mwezi ujao na mumewe na mtoto wa miaka minne ambaye ana pumu, na tangu wiki iliyopita simu yangu haipumui. Dada nipange wapi, dada dalali kasema Kange, dada kuna mtu kaniambia Raskazoni hewa safi, dada shemeji yako anataka Pongwe palepale tuokoe nauli. Nimemjibu kwa voisi vipande vipande mpaka koo limekauka, na najua sio yeye peke yake, watu wanaingia sana huku siku hizi kwa ajili ya viwanda na bandari na bomba la mafuta, basi acha niandike yote mara moja.

Kwanza mjue mimi sio mtaalamu wa hewa, mimi ni dobi. Nimefua na kuanika nguo za watu hapa Tanga miaka zaidi ya kumi, nilianzia Ngamiani halafu nikahamia Kange, na kanzu nyeupe ikikaa kambani masaa matatu inakueleza mambo ya mtaa ambayo dalali hawezi kukueleza. Vingine nimesoma mwenyewe baada ya kuchoka kufua kitu kimoja mara mbili.

Jambo la kwanza nililomwambia mdogo wangu ni kwamba swali la nyumba iko mbali kiasi gani na kiwanda halitoshi. Swali ni iko upande gani wa upepo, na ni saa ngapi. Wavuvi wetu wana maneno yao, joshini ni kule upepo unakotokea na demani ni kule unakokwenda. Nyumba inaweza kuwa pua na mdomo na dohani lakini ipo joshini, ikawa salama kuliko iliyo kilomita nne demani.

Sasa chukua ramani ya Tanga kichwani. Bahari mashariki, mji umekaa kwenye ghuba, Pongwe iko magharibi, njia ya kwenda Muheza na Segera. Viwanda vya saruji na chokaa havikukaa upande ule kwa bahati mbaya, vimefuata jiwe, jiwe la chokaa lilelile lililochimbika likawa mapango ya Amboni. Kaskazi inavuma kuanzia Desemba hivi mpaka Machi, inatoka kaskazini mashariki, kwa hiyo moshi wa Pongwe unasukumwa kusini magharibi. Kusi inaingia na masika kwenye Aprili na kuendelea mpaka Septemba Oktoba, inatoka kusini na kusini mashariki, moshi unakwenda kaskazini magharibi. Umeona? Pepo zote mbili kubwa zinauondoa moshi mjini na kuupeleka bara, mji uko joshini karibu mwaka mzima, na hilo hakuna mwenye kiwanda wala meya aliyelifanya, ni Mungu tu na bahari yake.

Ila hiyo ni hesabu ya mchana. Usiku mambo yanageuka na watu wengi hawalijui hili. Mchana nchi kavu inapata moto haraka kuliko maji, hewa yake inapanda, hewa ya baharini inaingia kujaza nafasi, ndo ule upepo mtamu unaoanza saa nne saa tano asubuhi mpaka jioni. Usiku nchi kavu inapoa haraka kuliko maji, hewa baridi nzito inateremka taratibu kutoka bara kwenda baharini, wazee wanauita umande, na hapo Pongwe inakuwa joshini, Kange na mji ndo demani. Sio upepo wa kupeperusha nguo, ni wa kusikia shingoni tu, lakini unatembea. Na kile kipindi cha tangambili, kati ya kusi na kaskazi, hata mchana upepo haujui unakwenda wapi.

Halafu kuna kifuniko. Usiku wa mbingu wazi na shwari, ardhi inapoa sana, hewa iliyolala juu yake inakuwa ya baridi kuliko iliyo juu zaidi, na hewa baridi haipandi, kwa hiyo kinakuwa kama kifuniko cha sufuria kimefunika mtaa. Moshi wowote uliotoka chini unabaki chini. Wa dohani ndefu unaweza kumwagika juu ya kifuniko ukasafiri bila kukugusa, halafu saa mbili saa tatu asubuhi jua likishapasha ardhi kifuniko kinavunjika, hewa ya juu na ya chini zinakorogana na ule uliokuwa juu unashuka kidogo kwa muda. Ndo maana mimi siamini pua yangu saa nane mchana. Saa nane mchana Tanga yote inanukia bahari.

Ukitaka kujua kifuniko kinaweza kufanya nini, soma habari za Donora, mji mdogo wa viwanda kule Pennsylvania, Marekani. Ulikuwa na kiwanda cha chuma na cha zinki bondeni kando ya mto, vinatoa moshi miaka nenda rudi watu wanaishi. Mwishoni mwa Oktoba 1948 hewa ikasimama siku kama tano, kifuniko hakikufunguka, wakafa watu 20 na maelfu wakaugua. Viwanda vilikuwa vilevile vya kila siku, kilichobadilika ni hali ya hewa. Sisi hatuna bonde la namna ile, Usambara iko mbali huko na mbele yetu bahari wazi, mchana upepo unatufungulia. Namshukuru Mungu, lakini usiku nafunga dirisha.

Haya sasa, Pongwe na Kange, maana mdogo wangu kazi iko huko na ndo alikokuwa anapima.

Pongwe faida yake inajulikana, unakwenda kazini kwa miguu, mtoto akibanwa mama yuko karibu, nyumba unapata bila kusumbuka. Watu wanaisema Pongwe kama yote ni moja, sio kweli. Nyumba iliyo upande wa huku Tanga, yaani mashariki ya viwanda, mchana kutwa iko joshini, hewa ya baharini inaipitia kwanza ndo iende kiwandani. Iliyo upande wa kule ndani, magharibi na kaskazini magharibi, ndo inapokea mchana, hasa miezi ya kusi. Ukipelekwa na dalali Pongwe muulize kiwanda kiko wapi, halafu angalia bendera yoyote au kamba ya nguo inapepea wapi, ni dakika moja tu. Na usidhani vumbi lote unaloliona limetoka kwenye dohani. Tanuri la saruji, popote duniani, linachoma jiwe kwenye joto la nyuzi kama 1,450, na dohani huwekewa machujio ya kukamata vumbi, kwa hiyo mara nyingi vumbi la machoni ni la machimbo na la barabara wanayopita malori. Lori likipita kwenye njia ya udongo mwezi wa pili, jua kali, ardhi haijaonja mvua tangu vuli, vumbi lake linakaa hewani mpaka lori linalofuata. Nyumba ya kando ya njia ya malori mimi siitaki hata kwa bure, iwe Pongwe iwe wapi.

Kange iko katikati, stendi kubwa ya mabasi ndo hapo, usafiri wa Pongwe na wa mjini hauna shida, nyumba mpya mpya nyingi, vyumba vina madirisha makubwa na hewa inapita. Kasoro yake ni mbili. Moja ile ya alfajiri, umande ukitoka magharibi unakuletea kilichoko magharibi. Ya pili ndo iliyonitia adabu.

Kuna mwaka nilipokea kanzu kumi na moja za maulidi. Mchana mvua, nikazianika jioni nikasema zilale nje, upepo wa usiku utazimaliza. Alfajiri natoka, kanzu zina vidoa vyeusi vidogo vidogo kama mtu kamwagia pilipili manga. Nililia. Siku mbili nzima nikawa nasema viwanda vimenimaliza, viwanda vimenimaliza, kila mteja aliyekuja akaondoka na hadithi ya viwanda. Ila kitu kikawa kinanisumbua, maana mimi vumbi la saruji nalijua, ni la kijivu na kavu, ukikung'uta linatoka, tatizo lake likinyeshewa ndo linashika. Haya madoa nikisugua kwa kidole yanapaka, yana mafuta. Usiku wa tatu nikaamka saa tisa nikatoka nje na khanga yangu. Nyuma ya nyumba ya jirani kulikuwa na lundo la makumbi ya nazi linafuka toka jioni, la kufukuzia mbu, na chini ya makumbi watoto walikuwa wametupia mifuko na kandambili zilizokatika. Moshi haukupanda hata kidogo. Ulikuwa umelala, unatembea usawa wa magoti, ukanipita miguuni kama maji ya mfereji ukaenda moja kwa moja kwenye kamba yangu. Hicho ndo kifuniko nilichowaambia, nilikiona kwa macho yangu kabla sijakisoma popote.

Kanzu kumi na moja, nikazirudia zote kwa mkono. Na wale niliowaambia ni viwanda sikuwarudia kuwaambia ukweli, leo ndo nasema.

Kwa hiyo kati ya Pongwe na Kange kwa mtoto wa pumu naona Kange, lakini Kange ya ndani, mbali na barabara kuu na mbali na njia za malori, na jirani umjue. Kama huna mtoto wa pumu na nauli ni tatizo, Pongwe upande wa mashariki wala usiogope.

Ngamiani sasa. Naipenda Ngamiani, nitakufa naipenda, mitaa imenyooka na ina namba, barabara ya kwanza, ya pili, mpaka huko ishirini, mgeni hapotei, lami ipo, soko lipo, baiskeli inakufikisha popote. Viwanda viko mbali. Mtu anayetazama ramani atasema mpeleke mtoto Ngamiani. Mimi nimekaa kule na nakwambia mtoto wa pumu atapata shida kuliko Pongwe, na sababu ni jiko. Nyumba ya Kiswahili ya kupangisha ina ukumbi katikati na ua nyuma, wapangaji sita, majiko ya mkaa sita, yote uani, na ua umezungukwa na ukuta. Upepo unapita barabarani vizuri kabisa kwa sababu mitaa imenyooka, lakini ndani ya ua hauingii. Na angalia saa ya kupika, saa kumi na mbili jioni mpaka saa mbili, ndo saa hiyohiyo upepo wa baharini unapokufa na wa bara haujaanza, shwari tupu. Mkaa ukiwashwa kwa vipande vya nailoni ndo kabisa. Yule mtoto anacheza uani kwa sababu ndo pa kuchezea.

Hapa nikiri kasoro ya kanzu. Kanzu inaona vumbi kubwa tu, na vumbi kubwa pua na koo vinalizuia kiasi, unapiga chafya unatema. La hatari zaidi ni lile dogo kabisa, chembe za chini ya mikroni 2.5, unywele mmoja ni mnene kama mara 30 ya chembe hiyo, linashuka mpaka ndani kabisa ya mapafu na asilimia kubwa linatoka kwenye vitu vinavyoungua, mkaa, kuni, takataka, dizeli. Shirika la Afya Duniani mwaka 2021 lilishusha kiwango, wakasema wastani wa mwaka usizidi mikrogramu 5 kwa kila mita ya ujazo, kabla ya hapo ilikuwa 10. Hiyo mikrogramu 5 kanzu yangu haiwezi kuiona. Unaweza kukaa Ngamiani kanzu nyeupe pee na kifua cha mtoto kinalia filimbi.

Na kuna bandari, ipo upande wa kaskazini wa mji, kwa hiyo kaskazi ikivuma inapitia bandarini kwanza ndo iingie mitaani. Meli ikiwa inashusha shehena ya kichele na malori yamepanga foleni, walio karibu wanaonja. Kusi ikija inarudisha yote baharini. Huu ndo mchezo, Pongwe inawaudhi wa huku alfajiri, bandari inawaudhi wa mjini miezi ya kaskazi mchana.

Raskazoni ndo kila mtu anapasifia. Ni kweli, kwa moshi hakuna pa kulinganisha, pametokeza baharini, kaskazi inafika pale haijagusa kitu na kusi vilevile, miti mikubwa, nyumba zimeachana, hospitali ya Bombo jirani, lile jengo la zamani la Wajerumani limekaa juu ya genge linatazama maji. Kwa mtoto wa pumu kuwa dakika tano na hospitali sio jambo dogo. Kodi sasa, kodi ni ya kukaa chini kwanza ndo uisikie.

Lakini hewa safi sio hewa kavu. Nilikuwa na mteja Raskazoni, nyumba ya zamani ghorofa, nikienda kuchukua nguo nikifungua kabati nakutana na harufu ya kuvu, koti la suti lina unga wa kijani mgongoni, kitasa cha mlango kimeota kutu mpaka kinaacha rangi mkononi. Chumvi na unyevu. Nguo nikiianika pale inakauka lakini inabaki nzito, kama haijaamua. Na kuvu kwenye ukuta, na vile vidudu vidogo vya kwenye magodoro vinavyopenda unyevu, vyote vinaamsha pumu kama moshi unavyoamsha. Kwa hiyo mtu anaweza kulipa kodi ya Raskazoni akamlaza mtoto nyuma ya kabati lenye kuvu, akashangaa. Ukipata nyumba kule yenye jua linaloingia ndani na ukuta usiovuja, na hela ipo, chukua bila kuniuliza. Mdogo wangu hela haipo.

Kwingine kwa haraka. Mwambani na upande wa Tangasisi, kusini huko, bahari karibu na viwanda mbali, kwa hewa pazuri ila kwenda Pongwe kila siku ni safari. Amboni na Kiomoni usiende bila kuuliza kwanza machimbo na matanuri ya chokaa yako wapi, kanuni ileile ya joshini na demani. Chongoleani, kule bomba la mafuta la kutoka Hoima, Uganda, linakoishia baada ya kilomita 1,443, iko kaskazini ya ghuba, kusi ikivuma ya kule yanakwenda zake kaskazini, kaskazi ikivuma yanaelekea mjini, hilo la kuliangalia huko mbele.

Mvua nayo ina kazi yake. Masika ikipiga, Aprili na Mei, hewa inaoshwa, mimi hufua kwa raha ila siwezi kukausha. Mbaya kuliko yote kwangu ni Februari na Machi mwanzoni, kavu, joto, malori yanatimua, na watu wanachoma mashamba kusubiri mvua. Ukija kutafuta nyumba mwezi wa tano utaona kila mtaa ni kama peponi.

Na dalali, dalali anakupeleka mchana, sio mjinga. Mdogo wangu nilimwambia kila nyumba uione mara mbili, saa kumi na mbili asubuhi na saa kumi na mbili jioni. Pitisha kidole juu ya jani la mwembe au mgomba wa jirani, vumbi la kijivu au jekundu au masizi, kila moja lina mwenyewe. Angalia nyuma ya nyumba kama pana duara jeusi la kuchomea takataka. Uliza wapangaji wanapikia nini. Ukipika kwa gesi wewe na uani wakapika mkaa watano, gesi yako haijamsaidia mtoto.

Jumamosi alikuja, tukatoka na bajaji kabla jua halijachomoza. Nyumba ya kwanza Kange nilikataa kabla hatujashuka, iko usoni na barabara. Ya pili iko ndani, chumba sebule na jiko lake mwenyewe, dirisha la chumba cha mtoto linatazama kusini mashariki, ukuta mkavu. Tukazunguka nyuma. Bibi wa nyumba ya jirani alikuwa anafagia majani ya mkungu, ameyakusanya, kiberiti kipo juu ya ndoo.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba wanangu, mmekuja kupanga?"

"Ndio bibi. Tuna mtoto kifua chake kibovu. Haya majani unachoma kila siku?"

Akatutazama, akatazama lundo. "Mbu hao mwanangu. Mtoto ana miaka mingapi?"

"Minne."

Akachukua kiberiti akakifunga kwenye pindo la khanga. "Basi nitakuwa nayachoma saa tisa mchana, upepo ukiwa mkali, yaende zake Muheza huko."

Mdogo wangu kalipa miezi mitatu.